Kilo Thelathini za Viini Vibichi

Harufu ndiyo iliyompokea Keltuma. Alikuwa bado hajafika kwenye zizi la mbuzi, mkono mmoja umemshika binti yake Tilila, mwingine umebeba mfuko wa dawa, pua yake ikamwambia jambo ambalo moyo ulilikataa. Ilikuwa harufu ya viini vya kokwa za mti wa argani vilivyokaangwa. Wala haikuwa ya konzi moja au mbili za kutia mafuta ya kitoweo. Ilikuwa imetanda kijiji kizima cha Tizgi, utadhani kuna harusi.

"Bibi anakaanga," Tilila akasema kwa sauti yake ya kukwaruza.

"Nyamaza, utakohoa," mama yake akamjibu, akaongeza mwendo.

Walikuwa wanatoka hospitali ya Ait Baha, siku mbili kamili, pumu imemkaba mtoto mpaka midomo ikawa ya rangi ya majivu. Keltuma hakuwa amelala wala kula cha maana. Njia nzima alikuwa akijifariji kwa jambo moja: nyumbani, nyuma ya mlango wa chumba cha shayiri, lilikuwapo gunia lake la viini vibichi, kilo thelathini, safi, bila ganda wala kiini kilichooza. Siku arobaini za kubangua. Siku arobaini za jiwe juu ya jiwe, na kidole gumba kati ya mawe hayo.

Alimkuta mama mkwe wake, Lalla Ijja kwa jina la heshima, amekaa mbele ya meko, mgongo umepinda, kikaango cha udongo kikifuka. Kulia kwake palikuwa na makapu matatu yaliyojaa viini vya rangi ya asali iliyokolea. Kushoto palikuwa na gunia, nalo lilikuwa limelala bapa, tupu.

"Ndiyo mnarudi?" kikongwe akauliza bila kugeuka. Macho yake yalikuwa na ukungu miaka mitatu sasa, watu aliwatambua kwa nyayo. "Mtoto kapumua?"

"Kapumua, mama."

"Alhamdulillahi. Na mimi sikukaa bure. Hiki ndicho kikaango cha mwisho. Njoo uninusie, uniambie kama kuna hata kimoja kilichoungua."

Keltuma alisimama mlangoni akiwa bado na mfuko wake. Hakikuwapo kilichoungua. Mwanamke yule asiyeona alikuwa amekaanga kilo thelathini kwa pua na masikio tu, akisikiliza viini vinavyolia kwenye udongo, akivigeuza kwa mkono, na ncha za vidole vyake zilikuwa zimetoka malengelenge.

"Nilikwenda chumba cha shayiri kutafuta chumvi," akaendelea, "nikanusa gunia. Vibichi! Nikasema masikini Keltuma, mtoto kaugua, kasahau kukaanga, na huko kwenye ushirika wanamngoja Alhamisi. Nikajiambia, Ijja, macho yamekwisha lakini pua ipo. Mjukuu siwezi kumpumulia. Kukaanga naweza."

Moshi ulikuwa umeanza kumfikia Tilila. Akakohoa mara moja, mara mbili. Keltuma akamgeuza mtoto na kumpeleka nje, akamwambia aende kwa jirani yao Yamna akae huko. Hiyo ilimpa nafasi ya kutojibu.

Maana mafuta ya argani ni mawili, na kila mtoto wa Tizgi anayajua. Yapo ya viini vilivyokaangwa, mekundu, ya kunukia, ya kumiminwa katikati ya ugali wa shayiri. Na yapo ya viini vibichi, ambayo hayana harufu ya kusema: haya ni ya uso, ya nywele, ya makovu, ndiyo yanayotiwa kwenye vichupa vidogo na kwenda kwa wanawake wa mbali wanaoogopa mikunjo. Ushirika wa Tizgi ulikuwa umeingia mkataba wa haya ya pili, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumweleza Lalla Ijja. Na kiini kikishakaangwa kimekaangwa, hakirudi.

Ushirika ulikuwa na wanachama thelathini na wawili, na nafasi ilipatikana pale tu mmoja alipohama au alipokufa. Baridi ya mwaka ule alikufa mmoja. Masharti yalibandikwa mlangoni: kilo thelathini za viini vibichi na hati ya ukaazi, kabla ya Alhamisi saa sita mchana. Walioomba walikuwa wawili. Mmoja Keltuma, aliyewabangulia miaka tisa kama mtu wa nje, akilipwa kwa kilo kisha mlango unafungwa nyuma yake. Mwingine Sanaa, binti wa kaka yake mwenyekiti. Mwanachama hupata mgao wa faida na kadi ya bima. Keltuma hakuulilia mgao. Aliililia kadi, ambayo ingelipia pampu ya pumu ya mtoto. Kwa sasa pampu moja ilinyooshwa miezi miwili, na Tilila, mtoto wa miaka tisa, alikuwa amefundishwa kujizuia kuvuta mpaka aone nyota.

*

Mumewe, Bihi, alikuwa nyuma ya zizi, anajifanya anatengeneza uzio. Alikuwa fundi mwashi, mtu mwenye mabega mapana na sauti ndogo.

"Ulikuwa wapi?" Keltuma akamuuliza.

"Kwa Hmad, tunapiga lipu. Nimerudi jana jioni nimekuta kafika nusu."

"Nusu!" Keltuma akajishika kichwa. "Umekuta nusu, na hukumzuia?"

"Ningemwambia nini?"

"Ungemwambia aache! Neno moja. Acha. Hata mbuzi wanalielewa."

"Alikuwa anaimba, Keltuma," Bihi akasema, akitazama misumari mkononi mwake. "Tangu baba afe sijamsikia akiimba."

Keltuma alitaka kumrushia kitu. Hakukuwa na kitu karibu ila ndoo, na ndoo ilikuwa ya jirani. Ndani ya nyumba ile hapakuwahi kutokea mtu akamwambia Lalla Ijja kwamba amekosea. Mkubwa hakosei, husahau tu, na akisahau hukumbushwa kwa mzunguko, na asipokumbuka basi tena. Keltuma mwenyewe alikuwa ameilea desturi hiyo miaka kumi na minne, akala chumvi iliyozidi na kuisifu. Sasa ilikuwa imemkaba koo yeye.

"Utamwambia wewe," akasema. "Ni mama yako."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Akishapumzika."

*

Jumatatu alikwenda ushirika na kapu moja, akiwa na tumaini la kijinga ambalo mtu hubaki nalo kwa sababu njia ni ndefu na lazima afikirie kitu.

Sanaa ndiye aliyefungua. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, kavaa glavu na kofia ya wavu, na tayari ana ufunguo wa stoo mfukoni ingawa uanachama alikuwa hajaupata.

"Dada, nawa mikono kwanza," akasema.

"Nimenawa nyumbani."

"Nyumbani ni nyumbani. Hapa tuna kanuni za usafi."

Keltuma akanawa. Miaka tisa alikuwa ameingia kwa mlango uleule na mikono ileile. Akanawa mpaka kwenye viwiko, ili asije akaambiwa arudie.

Mwenyekiti, Haja Rabha, alikuwa mezani na karatasi zake. Hakuwa mwanamke mbaya. Aliuanzisha ushirika na wajane saba na mashine moja ya kukopa, na hakupata usingizi wa amani tangu wateja wa ng'ambo waanze kupima kila pipa. Hakuhitaji kuambiwa kitu. Kapu lilipofika mezani aliinua pua, akachukua kiini, akakiuma, akakitafuna taratibu mpaka kikaisha.

"Ni mkono wa Lalla Ijja huu," akasema.

"Ndiyo."

"Sijala kiini kama hiki tangu mama yangu afe. Hakuna hata kimoja kilichopitiliza." Akapangusa vidole. "Ndiyo maana kinaniuma kukwambia. Hiki ni cha jikoni, Keltuma."

"Haja, mtoto alikuwa hospitali. Mimi sikuwapo."

"Najua, na nimemwombea. Lakini sikiliza. Mwanamke wa huko analipa pesa nyingi kwa kichupa kama kidole gumba. Anakipaka usoni kabla ya kulala. Akinusa jiko, anarudisha. Akirudisha yeye, wanarudisha shehena nzima, na wanawake thelathini na mmoja waliobaki hapa wanakula nini?"

"Nipe wiki mbili. Nitabangua upya."

"Alhamisi saa sita. Nikikuongezea wewe, kesho watasema Rabha ana upendeleo."

Keltuma alimtazama Sanaa, akautazama ufunguo, akamtazama tena Haja Rabha. Mwenyekiti akainamia karatasi zake.

"Na nikikosa? Nafasi nyingine itatoka lini?"

"Mungu ndiye ajuaye. Mpaka mmoja wetu aondoke."

"Mpaka mmoja wenu afe," Keltuma akasema.

"Astaghafirullahi, usituombee hivyo."

Sanaa alikuwa amelishika kapu kwa ncha za vidole, kalisogeza mbali na mwili wake. "Dada, hili tulitoe nje, harufu itaingia kwenye vibichi. Kwani si ukavisage tu, ukauze barabarani kwenye chupa za maji? Watalii wanapenda sana vitu vya kienyeji."

Keltuma alilichukua kapu lake. Alipofika nje alikumbuka majibu matatu mazuri, na hata moja halikuwa na kazi tena.

*

Jioni walikula ugali wa shayiri kwenye sinia moja, shimo la mafuta katikati. Lalla Ijja alikuwa amejipaka hina kwenye ncha za vidole, juu ya malengelenge. Alingoja heshima ya chakula ipite, kisha akashindwa kungoja.

"Basi? Walisemaje?"

Keltuma alimtazama Bihi. Bihi alitazama sinia. Halafu, bila kuinua macho, mwanamume yule akafanya jambo ambalo mkewe alilikumbuka kwa hasira muda mrefu baadaye.

"Wamesifu, mama. Haja Rabha mwenyewe kauma kiini, kasema hajala kama hicho tangu mama yake afe."

"Rabha kasema hivyo?"

"Muulize Keltuma."

"Kasema," Keltuma akajibu, kwa sababu ni kweli alisema.

Kikongwe akacheka, meno mawili yakaonekana. "Mama yake Rabha alikuwa anaunguza! Nilikuwa namwambia, wewe Tuda, kiini si kahawa." Akachovya kidole kwenye mafuta, akamwita Tilila, akampandisha fulana na kuanza kumchua kifua kwa mafuta na asali. "Haya ndiyo yaliyomtoa surua baba yako. Nilimtonesha mdomoni siku aliyozaliwa, kabla ya ziwa. Magoti yangu yanatembea kwa haya haya. Huko hospitali wanampa mtoto upepo wa kopo. Upepo! Kana kwamba Tizgi hatuna upepo."

Tilila alicheka, akakohoa, akacheka tena. Keltuma alikusanya vyombo kabla hawajamaliza. Nje, akisugua sinia kwa majivu, alimwambia mumewe aliyemfuata:

"Uliahidi kumwambia."

"Umeona alivyofurahi?"

"Nimeona. Nimeona pia mtoto anavyokohoa."

"Tumuache kidogo, Keltuma. Bado kidogo tu."

*

Yamna ndiye aliyepata njia. Alikuwa mjane mnene, mwenye ulimi mkali na mkono mwepesi wa kutoa, na hakuwa na haja na kofia za wavu za ushirika.

"Shaabani imeingia," akasema. "Kila nyumba inataka mafuta ya kula ya Ramadhani. Sisi tuna vibichi, tutavikaanga wenyewe, na tutaviunguza. Wewe unavyo vilivyokaangwa na mkono wa Lalla Ijja. Tubadilishane, kopo kwa kopo. Umepata vyako, na sisi tumepata vyetu."

Keltuma alimshika mikono yote miwili.

"Usinililie," Yamna akamwambia. "Nilie mimi ninayewapa watu wa ushirika viini vyangu miaka yote hii kwa bei ya bure. Angalau mmoja wetu aingie humo ndani atuambie wanakula nini."

Jumanne nzima wakapita nyumba hadi nyumba, makapu mgongoni, kopo la nyanya mkononi. Nyumba sita zilibadilisha. Wa saba alitaka makopo mawili kwa moja, Yamna akamtukana marehemu wake wote, naye akabadilisha. Jioni gunia lilikuwa limejaa tena. Walilipima kwenye mizani ya muuza duka: kilo thelathini na nusu.

"Ile nusu kampe Sanaa asafishie meno," Yamna akasema. Kisha akawa mtu mwingine, sauti ikashuka. "Mkweo anajua?"

"Bado."

"Mwambie."

"Nitamwambia Ijumaa, ikishapita hii kazi. Akijua sasa ataumwa, na mimi sina mkono wa kumuuguza."

"Keltuma. Usipoziba ufa..."

"Nitajenga ukuta. Najua, Yamna. Niazime kamba ya kufungia gunia."

*

Hati ya ukaazi ilitolewa Ait Baha, na Jumatano ndiyo siku pekee iliyobaki. Keltuma aliliweka gunia chumba cha shayiri, akafunga kwa kufuli, akampa Bihi ufunguo.

"Usiondoke leo," akamwambia. "Na huu ufunguo, hata malaika akija kuuomba usimpe."

"Sawa."

"Bihi."

"Nimesema sawa!"

Lalla Ijja alikuwa uani, juani, anasikiliza kuku. Keltuma alisimama mbele yake kitambo. Maneno yalikuwa mepesi, hayakuhitaji hata pambo: mama, vinatakiwa vibichi, usiviguse. Alifungua kinywa.

"Unakwenda mjini?" kikongwe akamtangulia. "Nenda na baraka zangu. Mwanamke aliyelifikisha jina langu mpaka mezani kwa Rabha! Juzi usiku nilimwota baba yake Bihi, nikamwambia, unasikia? Bado natajwa."

Keltuma akambusu mkono, akaenda.

Ofisini karani alimwambia picha zake zimezidi ukubwa. Akapiga nyingine. Karani akasema kitabu cha ndoa kimeandika jina la baba yake kwa namna moja na kitambulisho kwa namna nyingine, basi inawezekana yeye si yeye. Keltuma akasimama pale kuthibitisha kwamba yeye ni yeye, mbele ya watu kumi na watano, mpaka karani akaenda kula. Alirudi saa tisa, amesahau kabisa habari ya jina, akagonga muhuri bila kutazama. Keltuma alitoka akiwa ameishika ile karatasi kwa mikono miwili. Alikuwa amedhalilishwa, lakini alikuwa ameipata, na njiani alijiruhusu kufikiri kuhusu pampu mpya ambayo Tilila angeivuta bila kuhesabu.

Hakuwa amefika zizini harufu ilipompokea.

Alisimama. Alijiambia ni nyumba nyingine, ni Yamna anakaanga vyake. Kisha akamwona Bihi ameketi juu ya jiwe nje ya ua, mikono katikati ya magoti, na akajua.

"Alianza kugonga mlango wa chumba cha shayiri saa nne," Bihi akasema kabla hajaulizwa. "Akasema amenusa vibichi vingine, na kesho ndiyo Alhamisi, na kwa nini nimemfungia. Kanililia, Keltuma. Kasema, mwanangu, hii nyumba nimekuzalia humu, leo unanifungia mlango? Ningefanya nini?"

"Ungemwambia."

"Nilitaka..."

"Amefika wapi?"

Bihi akanyoosha kidole kuelekea mekoni. Keltuma akampita.

Makapu mawili yalikuwa yamejaa. Gunia lilikuwa limebaki theluthi. Lalla Ijja alikuwa amefunga vidole vyake kwa vitambaa, anageuza viini kwa kijiko cha mti, na kweli alikuwa anaimba.

"Leo mkono mzito kidogo," akasema aliposikia nyayo. "Lakini kesho asubuhi vitakuwa tayari. Walivyovipenda vile, na hivi watavipenda."

"Hawakuvitaka," Keltuma akasema.

Wimbo ukakatika.

"Nini?"

"Hawakuvitaka, mama! Wanataka vibichi! Vibichi, vibichi, kwa ajili ya nyuso zao! Kilo thelathini za kwanza zilikuwa za vibichi kwa sababu vilitakiwa vibichi, sikusahau kitu mimi! Nimebangua siku arobaini. Nimezunguka kijiji kuomba na kopo la nyanya. Leo nimesimama mbele ya karani kama mwizi. Na wewe umevikaanga, mara mbili umevikaanga, na kesho saa sita kila kitu kimekwisha, na Tilila..." Sauti ikamwishia. Alikuwa hajawahi kumpigia kelele mkubwa wake tangu azaliwe, na sasa aibu na hasira zilimpanda pamoja, asijue ipi ni ipi.

Viini vilianza kuungua kwenye kikaango. Lalla Ijja alivinusa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakunyoosha mkono kuvigeuza.

"Rabha alisema nini?" akauliza.

"Alisema ni vizuri, na ni vya jikoni. Alinirudisha navyo."

"Jumatatu."

"Jumatatu."

"Na Jumatatu tulikula sinia moja," kikongwe akasema taratibu. "Na Jumanne. Na leo asubuhi ulisimama mbele yangu pale uani, kivuli chako kilinifunika, nikajua una neno. Nikangoja. Ukanibusu mkono."

Keltuma alikaa chini sakafuni.

"Macho yangu ndiyo yameharibika, mwanangu. Masikio ni mazima. Mngeniambia."

Moshi ulipokuwa mwingi, Keltuma akainuka na kukiondoa kikaango motoni. Vile vya mwisho vilikuwa vimekuwa mkaa.

*

Alhamisi asubuhi Keltuma hakuwa na sababu ya kwenda popote. Lalla Ijja ndiye aliyetoka chumbani amejifunga shuka lake la sikukuu, na fimbo mkononi.

"Nipeleke kwa Rabha."

"Mama, haisaidii."

"Sikukuuliza kama inasaidia."

Wakaenda, mwendo wa kupapasa mawe, Keltuma kamshika kiwiko. Walibeba kilo kumi za vibichi zilizobaki na karatasi yenye muhuri. Walipofika, Sanaa alifungua mlango, akamwona kikongwe, na hakuthubutu kusema neno la kunawa mikono.

Haja Rabha alitoka mezani mbio. Alimbusu Lalla Ijja kichwa, alimbusu bega, akamkalisha kwenye mto, akaita chai ya nanaa na mkate na amlu, ule uji mzito wa lozi na asali ambao hutolewa kwa wageni wa heshima. Aliuliza magoti, aliuliza mbuzi, aliuliza mtoto.

"Kosa ni langu," Lalla Ijja akasema. "Mkwe wangu aliandaa vibichi mara mbili, na mara mbili nimevikaanga mimi. Hapa kuna kilo kumi na hati yake. Zilizobaki atazibangua, hata kama nitakaa nibangue naye. Nimekuja kukuomba umpe ile nafasi."

"Lalla, nani asiyejua mkono wako," Haja Rabha akasema. "Mabibi wa bonde hili lote wamejifunza kukaanga kwako."

"Ahsante. Nafasi je?"

"Wewe ni baraka yetu. Kuja kwako tu hapa leo ushirika umepata nuru. Kunywa chai, Lalla."

"Ninakunywa. Nafasi?"

"Mambo haya yana kamati, Lalla, na Mungu akipenda, kheri itakuja. Keltuma ni binti yetu, tutamkumbuka, milango ya Mungu ni mingi..."

Lalla Ijja aliiweka glasi chini. Alikuwa amezitumia njia hizi mwenyewe miaka yote, kuwaambia watu hapana bila kuitamka, na sasa alizisikiliza zinavyotambaa kumzunguka yeye.

"Rabha, binti wa Tuda," akasema. "Mimi si mgonjwa wa kufichwa. Nimekuuliza kitu kimoja. Kapata au hakupata?"

Sanaa alijishughulisha na birika. Nyuma ya ukuta mashine ilikuwa inasaga, na mashine ile haikunusa kitu chochote. Haja Rabha alimtazama Keltuma, kama mtu anayeomba msaada, na Keltuma hakumpa.

"Hakupata, Lalla. Sanaa ameshaandikwa tangu jana."

"Tangu jana," kikongwe akarudia. "Na mwisho ulikuwa leo saa sita."

"Ndiyo, Lalla."

"Haya."

Alinyoosha mkono, akaipapasa hewa mpaka akaupata mkono wa mkwe wake, akajiinua kwa uzito wake wote. Chai yake ilibaki nusu. Mlangoni alisimama, si kwa kuchoka, akageuza uso wake upande alikojua Keltuma yupo.

"Umeona?" akamwambia. "Kaniambia, na sikufa."